Dadangu ataka madawati, mimi nataka mikeka

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 34 na ninaendesha chekechea ndogo huku Kisauni, Mombasa, katika nyumba ya kupanga yenye vyumba viwili vikubwa na ua. Nilisomea ualimu wa watoto wadogo, nikaongeza kozi fupi ya Montessori, ule mfumo wa mtoto kujifunza kwa vifaa na kujichagulia kazi, na nilipofungua, miaka mitatu iliyopita, niliandika neno hilo langoni kwa rangi ya kijani. Mtaji ulitoka kwa dadangu mkubwa. Alichukua zamu yake ya chama, akaongeza akiba, akanilipia kodi ya miezi sita na fundi wa rafu. Hatukuandikiana chochote.

Watoto ni wa miaka mitatu hadi sita, wote chumba kimoja. Madawati hakuna. Kuna rafu fupi, mikeka ya ukindu, meza ndogo nne na vifaa: mnara wa pinki, ngazi ya kahawia, silinda zenye vishikio za kupachika kwenye matundu yake, fimbo nyekundu, herufi za msasa za kupapasa kwa kidole, na trei za kumimina na kuchota. Tunaanza saa mbili kwa mstari na nyimbo, halafu duara la salamu na siku za juma mpaka saa tatu. Saa tatu hadi saa nne kasorobo wanajichagulia kazi. Hapo tunasimama kwa uji, wanacheza uani, saa tano wanarudi kazini nusu saa, kisha hadithi. Saa sita wanachukuliwa.

Mwaka jana walikuwa 27, sasa ni 19. Mtaa wa pili kumefunguliwa shule yenye basi, sare na tai, vitabu vitano kwa mtoto wa PP1 (mwaka kabla ya PP2, ambayo ndiyo ya mwisho kabla ya Gredi ya 1), mtihani kila mwisho wa muhula na sherehe ya majoho. Wazazi wanapita hapo, halafu wanakuja kwangu na maswali. "Mwalimu, mbona wangu hana daftari?" "Mwalimu, nalipa karo mtoto aje kumimina ndengu?" Nawaeleza kuwa anajenga mkono na umakini, lakini naona nikiongea macho yao yako kwenye simu.

Lililonivunja lilitokea Novemba. Mtoto mmoja wa PP2, mwerevu sana, alipelekwa usaili wa Gredi ya 1 katika shule ya kibinafsi. Alipewa karatasi ya mistari anakili siku za juma kutoka ubaoni kwa dakika 15. Aliandika J ya Jumatatu, akaifuta akaiandika upya, mara nne, kisha akainuka akaenda kutazama dirishani. Hawakumchukua. Mamake alikuja langoni asubuhi, wazazi wengine wakishusha watoto, akaniambia mbele yao: "Umenichezea mtoto wangu miaka miwili." Muhula uliofuata watoto watano hawakurudi.

Karo yangu ni shilingi 9,000 kwa muhula. Kodi ni 22,000 kwa mwezi na msaidizi namlipa 12,000. Wiki mbili zilizopita dada alikuja akakaa kwenye kile kiti kidogo cha watoto akaniambia tununue madawati 15, vitabu vya mazoezi, tuweke mtihani wenye nafasi na homuweki kila siku, na vifaa viende stoo "viwe vya kuonyesha wageni". Nisipokubali kufikia muhula ujao, anataka pesa zake. Hakunigombeza. Alisema huku anakunja leso yake, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki, na mpaka leo naishi chumba cha uani kwake.

Mimi naona wazazi hawataki kuelewa. Montessori ni mtoto ajichagulie, mwalimu asimlazimishe. Nikileta daftari nimeuza nilichosomea. Watoto wangu wa miaka mitano bado wanafurahia kumimina na kuchota, trei zile zile za Januari zinawatosha, kwa nini niwaharakishe kusoma? Lakini nikishikilia, huenda nikafunga, na nikakosana na dadangu. Nifanyeje?

Mwalimu wa Mikeka, Kisauni

*

Marahaba mwanangu, na pole kwa ile asubuhi ya langoni. Mtu kukusuta faraghani ni jambo moja, kukusuta mbele ya watu walioshika mikoba ya watoto wao ni jambo jingine.

Umeniletea vitu vitatu vilivyofungwa kitita kimoja: deni la dada, hesabu ya karo, na swali la kama mtoto wa miaka mitano apewe kusoma au asipewe. Kwako vimekuwa kitu kimoja, madawati au mikeka. Niruhusu nikifungue kitita, maana naona umelibebesha swali la watoto mzigo wa yale mengine mawili.

Nianze na hesabu, ambayo ni fupi. Kodi hailali likizo, kwa hiyo muhula mmoja ubebe miezi minne: kodi 88,000, msaidizi 48,000, jumla 136,000. Watoto 19 wanaleta 171,000. Inabaki 35,000, yaani chini ya 9,000 kwa mwezi, na humo mna uji, sabuni, maji ya mkokoteni na wewe mwenyewe. Wakibaki 15 wanaleta 135,000, na hapo kodi na msaidizi peke yao wamekushinda. Uko watoto wanne tu kutoka ukingoni. Dadako huenda hajui silinda zenye vishikio ni za nini, lakini hesabu hii ameiona. Je, kweli anaupinga mkeka, au anaogopa tu, akashika suluhisho la kwanza aliloliona mtaa wa pili?

Sasa wazazi. Umesema hawataki kuelewa. Nikurudishe nyuma kidogo, mpaka San Lorenzo, mtaa wa maskini mjini Roma, ambako daktari Maria Montessori alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto tarehe 6 Januari 1907. Hakuwa na mpango wa kuwafundisha watoto wale kusoma wala kuandika. Aliona ni mapema mno. Waliomwendea kumwomba ni mama zao, nao wenyewe hawakujua kusoma. Alisita kwanza, kisha akakubali. Zile herufi za msasa zilizoko kwenye rafu yako ziliingia katika nyumba ile baada ya ombi la wazazi. Na kanuni za nyumba ile zilimtaka kila mama aje kuzungumza na mwalimu angalau mara moja kwa wiki. Kwa hiyo mzazi anayeuliza "mbona hana daftari" yuko kwenye mlango ule ule walioubisha mama wa San Lorenzo. Swali lake ni kama mwanawe ataweza kusoma. Neno daftari ndilo alilo nalo.

Kuna mambo mawili katika barua yako ambayo nimeyasoma mara ya pili na ya tatu, na nakuomba usikasirike nikiyagusa.

La kwanza ni saa. Unasema watoto wanajichagulia, lakini kipindi chao kirefu kuliko vyote ni dakika 45, kisha uji unawakata. Montessori alitaka muda mrefu usiokatwa, na shule nyingi zinazomfuata hushika muda wa kama saa tatu mfululizo. Si ushabiki wa saa. Mtoto akiingia huzunguka, hushika kitu chepesi, hukiacha, humchokoza mwenzake. Mwalimu asiye na subira hudhani kazi imekwisha akapiga kengele. Mara nyingi ni baada ya zogo hilo ndipo mtoto huchukua kazi nzito na kuzama. Wewe unawapa uji wakati wanajiandaa kuzama. Basi si ajabu wakabaki kwenye ndengu, kwani kumimina ni kazi inayotosha dakika kumi. Mstari na duara vinaweza kwenda mwisho, kabla ya hadithi. Uji unaweza kukaa meza ya pembeni, vikombe vinne, chupa ya moto asiyoifikia mtoto na jagi dogo lililokwisha poa analolifikia. Mwenye njaa anaenda, anajimiminia, anaosha kikombe, anarudi mkekani. Ukiuanza mpango huo, wiki ya kwanza wote watakimbilia uji kwa pamoja, na wengine watamwaga. Usiufute kwa sababu ya wiki hiyo.

La pili ni trei za Januari. Mtoto hachagui asichowahi kuonyeshwa. Uhuru wa rafu una maana pale tu mwalimu anapoiongeza rafu na kumwita mtoto mmoja mmoja kwa somo fupi. Ndengu ikishashikwa, inafuata maji, baada ya maji, kumimina mpaka alama, kisha faneli. Kuchota kwa kijiko kunafuatwa na koleo, kisha vibanio vya nguo, ambavyo ndivyo vinavyokaza vile vidole vitatu vya kushikia penseli. Jagi lisizidi mililita 250, lijazwe nusu, na pawe na kitambaa cha kufuta kwenye trei, la sivyo kosa linakuwa la mwalimu kufuta badala ya mtoto kulirekebisha. Na huku pwani kuna kazi za mikono ambazo duka halikuuzii: kuchambua mchele katika uteo, kuchota kwa upawa, kuchuja tui kwa kifumbu, kukunja leso uliyoishona uzi wa rangi pale inapopaswa kukunjika, nusu kisha robo. (Mbuzi ya kukunia nazi iache, meno yake si ya mtoto.) Mzazi anayemkuta mwanawe nyumbani amekunja leso kona kwa kona hahitaji hotuba ya umakini.

Tena, jambo dogo: mkeka wa ukindu wenye mafundo unayumbisha mnara wa pinki. Kile kipande cha juu ni cha sentimita moja tu kila upande, na mtoto anaweza kudhani amekosea kumbe ni mkeka. Kwa mnara na ngazi tumia kitambaa kizito kilichonyooka.

Nikae hapa kwenye lugha, kwa kuwa ndiko kuliko na maumivu yako na ndiko ulikobahatika kuliko mwalimu wa Kiingereza. Kiswahili kinasomeka kama kinavyoandikwa. Mtoto anayejua sauti ya herufi ameshika karibu kila kitu. Barua yako inataja herufi za msasa, lakini haitaji herufi za kuhamisha, zile za kukata moja moja na kupanga mkekani. Kama huna, hilo ndilo pengo. Mtoto anapapasa m, anaijua, kisha hana pa kuitumia.

Msasa kwanza. Ukiutengeneza mwenyewe, tumia wa kati: mkali sana unachubua ncha ya kidole na mtoto anaukwepa, laini sana hausikiki. Herufi ukiichora nyuma ya karatasi ya msasa, ichore kwa kugeuza kama kwenye kioo, la sivyo utakata nusu ya seti kinyumenyume. Ibandike kwa gundi ya mbao kwenye plaiwudi. Gundi ya unga inaachia kwa unyevu wetu. Irabu ubao wa bluu, konsonanti ubao wa pinki. Ch, sh, th, dh, gh, ny na ng' zipe ubao wake kila moja. Q na x huzihitaji, na c peke yake haina kazi. Taja sauti, si jina: mmm, si "em".

Somo ni la hatua tatu. "Hii ni m. Hii ni a." Kisha, "Nionyeshe m. Iweke a kwenye mkeka. Mpelekee mwenzako m." Mwisho kabisa, "Hii ni nini?" Walimu wengi huharibu kwa kuruka hatua ya pili, inayopaswa kuwa ndefu na ya mchezo. Mtoto akikosea hatua ya tatu, usimwambie amekosea. Rudi ya pili, au funga somo mpaka kesho.

Usianze kwa mpangilio wa alfabeti, na usiziweke b na d somo moja. Anza na a, i, u, m, k, t. Kwa hizo sita pekee mtoto anaandika mama, kaka, kuku, kiti, mkia, kiatu, tui, kuti, tikiti. Herufi za kuhamisha ziwe nyingi kuliko seti za Kiingereza zinavyotoa, hasa irabu: tikiti peke yake inakula i tatu, na mananasi a tatu. Kata a kama 20, i 15, e, o na u kumi kumi, k, m, n na t nane nane, zilizobaki tano tano. Kadi nzito inatosha, ukiiweka katika sanduku lenye vyumba. Mweke mtoto na kapu la vitu vidogo, uma, kuku wa udongo, kiatu cha mwanasesere, apange jina bila penseli. Wengi wataandika "muti" kwa mti, na ng'ombe bila king'ong'o chake. Acha. Unarekebisha kwa somo jipya siku nyingine, si kwa kuvuruga alichopanga.

Na mkono je? Kwa kawaida hapo ndipo zinapoingia fremu za chuma, maumbo kumi ya kuzungushia penseli ya rangi na kujaza mistari kwenye karatasi ya sentimita 14 kwa 14. Chuma kwa hewa yetu ya chumvi kinashika kutu upesi. Fundi wa mbao anaweza kukukatia za plaiwudi. Mwambie kingo azipige msasa vizuri, vinginevyo penseli inarukaruka na mtoto anachukia.

Sasa nirudi kwa yule mtoto wa dirishani. Umesema aliandika J mara nne. Labda hakuwa amekwama kwa kutojua. Huenda ni mtoto aliyezoea kuona kosa lake mwenyewe na kulirekebisha bila mtu kumhesabia dakika, kama anavyofanya silinda moja inapobaki bila tundu. Kilichomshinda kingine ni kunakili kutoka ubaoni, ambao ni ujuzi peke yake: macho yanapanda, akili inabeba kipande, macho yanashuka, mkono unaandika, na mahali usipapoteze. Hakuna kifaa rafuni kwako kinachofundisha hilo, na shule anazokwenda zinalitaka. Kumpa si kuuza ulichosomea. Anza na neno alilolipanga mwenyewe mkekani, alinakili kwenye karatasi iliyo kando yake. Wiki kadhaa baadaye neno liko kwenye kadi mbele yake, kisha kadi iko ukutani, mita mbili. Daftari la mistari mipana, dakika kumi, baadaye kumi na tano. Nenda pia kwenye shule tatu ambako watoto wako huenda zaidi, uulize kwa adabu wanauliza nini kwenye usaili. Utarudi na orodha fupi kuliko hofu yako.

Basi kuna njia gani? Nitazitaja na miiba yake.

Ukifuata la dada kama lilivyo, utapata utulivu nyumbani na labda watoto kadhaa. Lakini utakuwa unauza bidhaa ile ile ya mtaa wa pili, bila basi. Madawati 15 yatakula chumba, na wa miaka mitatu hawatakaa. Mtihani wa kupanga nafasi, mtaala wenyewe wa PP1 na PP2 hauutaki. Mtaala huo unataka mwalimu atazame na aandike anachokiona mtoto akikifanya. Hilo unaweza kumwambia dada bila kutaja Montessori hata mara moja. Na vifaa vikiingia stoo msimu wa mvua, mbao zitajikunja na ukungu utapanda; ukivitaka tena havitakuwa vile.

Ukishikilia kama ulivyo, kwa saa zile na trei zile, sioni hatari ya karo tu. Neno lile la kijani langoni halina mwenye hati. Kisheria mtu yeyote anaweza kuliandika. Kinacholitofautisha ni kilichomo ndani, na kwa sasa mzazi mkali anaweza kuwa na hoja nusu.

Njia ya tatu ni kuunyoosha mkeka, yaani kurekebisha saa na rafu, na kuwapa PP2 nusu saa ya daftari, siku nne kwa wiki, muhula wa tatu, au mapema kwa mtoto anayeonyesha kuiva. Wengi huipenda kwa kuwa inaonekana ya kati. Mwiba wake ni huu: nusu saa hukua. Mzazi wa PP1 ataiona naye ataitaka, msaidizi ataizoea kwa kuwa ni rahisi kuisimamia, na kabla ya Desemba uji na daftari vimekula asubuhi yote. Ukiichagua, iandike kwenye ratiba ya ukutani: nani, lini, kuanzia saa ngapi, na nani haingii.

Ipo pia ya kupunguza: kuhamia nyumba ya kodi ndogo, watoto 14, bila msaidizi wa siku nzima. Hiyo ina upweke wake, na watoto 14 wa umri mchanganyiko kwa mtu mmoja si mchezo siku unayoumwa. Zaidi, wakiondoka wakubwa unapoteza walimu wadogo. Yule wa miaka mitano anayemwonyesha wa mitatu jinsi ya kukunja mkeka anakufanyia kazi usiyoilipa.

Sitakuchagulia. Lakini kabla ya kuchagua yoyote, deni litenge. Kaa na dada siku ambayo si ya shule, mwandike kiasi alichotoa na namna litakavyorudi, hata kama ni 3,000 kwa mwezi. Deni lisiloandikwa linamfanya kila anapoona trei ya ndengu aone pesa zake zikimiminwa. Likiandikwa, anaweza kuwa dada tena chumbani mwako. Mwalike baadaye akae asubuhi nzima, kwenye kiti cha mtu mzima tafadhali, bila kuzungumza na mtoto. Mpe karatasi, achague mtoto mmoja, aandike kila baada ya dakika tano anafanya nini. Fanya hivyo baada ya kurekebisha saa, si kabla. Anaweza kutoka akiwa bado anataka madawati. Itabidi umsikilize, kwa kuwa safari hii atakuwa anakueleza alichokiona.

Wazazi nao usiwangoje langoni, pale kila mtu ana haraka ya matatu. Hapa Mombasa tulishaona chekechea za madrasa zilizoanza miaka ya 1980 zikiwafundisha watoto kwa vitendo na vifaa vya mtaani, na wazazi wakashirikishwa tangu mwanzo, mpaka kutengeneza vifaa. Waite Jumamosi moja, kumi kwanza. Wape msasa, makasi na gundi, wakate herufi. Mzazi aliyekosea kugeuza k akaikata upya ataiona herufi ile kwa jicho jingine mtoto wake akiipapasa. Usiwaahidi kwamba kila mtoto atasoma kabla ya Gredi ya 1. Wengine watasoma wakiwa na miaka minne na nusu, wengine sita, na ahadi usiyoiweza itakurudia pale pale langoni.

Imebaki yule mama. Hujaniambia kama umemtafuta. Mtoto wake sasa ana miaka sita na anahitaji shule. Unaweza kwenda kwake, si kujitetea, na kumwambia kile kilichomshinda mwanawe kwenye karatasi ile na kwamba kinafundishika kwa muda mfupi. Peleka ile sanduku ya herufi na daftari la mistari mipana. Anaweza kukufungia mlango. Akikufungulia, mwanzo wa somo ni Jumatatu, herufi nane, J ile ile, mtoto aipange mkekani kabla hajapewa penseli.

Niandikie muhula ukiisha, na useme dada aliandika nini kwenye ile karatasi.

Shangazi